Yai halina subira: kuku, ng'ombe, mahindi na mchare wetu

Ukiuza mayai ya kienyeji hapa Moshi jiandae kuulizwa kila siku "haya yana jogoo?", na anayeuliza mara nyingi anaenda kupika chipsi mayai tu, sasa jogoo wa nini. Kuku anataga awe na jogoo au asiwe naye. Jogoo anahusika kama unataka vifaranga, basi. Kwenye ladha mi sijawahi kuona tofauti, usikubali kuongezewa bei kwa sababu hiyo.

Kinachonivutia mimi kwenye haya mambo ya uzazi ni muda. Viumbe vingi tu shida yao ni hiyohiyo: yai likitoka linaharibika haraka, mbegu ya dume nayo haikai, sasa watakutanaje? Na hapo ndo kila mmoja kajitafutia njia yake.

Chukua tetea. Kiini kikishaachia kinadakwa na mdomo wa mrija wa mayai, na pale kina kama robo saa tu ya kukutana na mbegu, baada ya hapo kinaanza kuvikwa ute, alafu utando, alafu ganda ambalo lenyewe tu linachukua kama masaa 20, na ganda likishakaa ndo basi tena. Jogoo hawezi kuivizia hiyo robo saa kila siku kwa kila tetea, ndo maana tetea ana vijifuko vidogo sana ndani ya mrija anakoweka mbegu akiba, anazitumia kidogokidogo. Mtoe jogoo bandani leo, wiki mbili mbele bado unaweza kuokota mayai ya kutotolesha. Kwa hiyo wewe uliyeleta jogoo mpya wa aina ya Kuchi jana usikimbilie kujaza inkubeta, vifaranga vya mwanzo vingine bado ni vya yule jogoo mzee mliyemla sikukuu.

Kujua kama yai limerutubishwa, livunjie kwenye sahani uangalie juu ya kiini, kuna kidoa cheupe. Kikiwa kidogo, kimejaa weupe mtupu na kingo zake hazieleweki, hamna kitu. Kikiwa kama pete, duara jeupe na katikati pana uwazi, hapo jogoo alipita. Nilimwonyesha dada mmoja wa chipsi akaniambia mama hebu toa hiyo sahani hapa, wiki nzima hakuchukua trei.

Ng'ombe sasa, huyo hana akiba ya hivyo. Joto, yaani ile hamu ya kupandwa, linamrudia kila baada ya siku 21 hivi, linakaa nusu siku au zaidi kidogo, na yai linatoka joto likishapoa. Ndo maana tunaambiwa ukimwona asubuhi anapandwa na wenzake na katulia tuli, mpandishe jioni, ukimwona jioni basi kesho asubuhi. Zile mbegu za mrija, za kupandishia bila dume, zinaandaliwa kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, zinahifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, humo zinakaa miaka na miaka, ila zikishayeyushwa na kuingizwa kwa ng'ombe uhai wake unahesabika kwa masaa. Kuna mtaalamu mmoja, jina naliacha, nilimpigia saa moja asubuhi akasema "nakuja mama", akatokea kesho yake saa kumi jioni ananuka mbege, kapandisha, kachukua hela yake kaondoka. Wiki tatu baadaye ng'ombe huyo analia tena zizini, na simu ya bwana haipatikani.

Mahindi ndo yamenishangaza kuliko wote. Kila unywele mmoja wa zile ndevu umeungana na punje yake moja, mmoja kwa moja. Vumbi la njano likidondoka kutoka kwenye mbelewele kule juu likanasa kwenye unywele, linaota kamrija kanakoshuka ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye punje, safari ya siku nzima hivi. Unywele ambao haukupata vumbi, punje yake hamna. Sasa ukinunua hindi la kuchoma ukakuta mapengo, hiyo ni mimba iliyokosekana, na ncha inakuwa tupu kwa sababu ndevu za ncha zinatoka mwisho, pengine vumbi limeshapukutika lote. Jua likiwaka vibaya kule mashamba ya chini, njia ya Kahe, ndevu zinachelewa wakati mbelewele haisubiri mtu, unavuna magunzi. Watu wanalaumu mbegu ya dukani, saa nyingine kweli ni mbegu, lakini mara nyingi ni hiyo ahadi ya kukutana imevunjika.

Malkia wa nyuki kawazidi wote kwa akiba. Anaruka akiwa kijana, anapandwa hewani na madume kadhaa ambayo yanakufa hapohapo, alafu anarudi mzingani na mbegu za kumtosha miaka. Yai akilipitishia mbegu linakuwa jike, asipolipitishia linakuwa dume, yaani nyuki dume hana baba ila babu anaye, kaa chini uipigie hesabu.

Migomba yetu ya kihambani, yaani shamba la nyumbani, yenyewe imejitoa kabisa kwenye hiyo shida. Mchare na kisukari vinazaa ndizi bila ua kuchavushwa, vile vidoa vyeusi katikati ya ndizi mbivu ni mbegu ambazo hazikuwa, na mgomba unaendelea kwa machipukizi, bibi alimpa mama, mama kanipa mimi, mmea uleule. Raha tupu mpaka ugonjwa wa mnyauko uingie, maana wote ni wamoja, ukimwangusha mmoja unawaweza wote. Ndo maana kule Arusha, pale chuo cha Nelson Mandela, wapo watafiti wanaouchavusha mchare kwa mkono na poleni ya ndizi pori zenye mbegu, wanasubiri mkungu ukomae, wanaponda ndizi mojamoja kutafuta punje, na mikungu mingi inatoka kapa. Hata ikipatikana huwezi kuifukia tu ardhini ukategemea iote, inabidi kile kijimche cha ndani kitolewe na kuoteshwa kwenye chupa maabara. Yote hayo ili kuurudisha mgomba kwenye kutafuta dume.