Platuni Kwanza, Mengine Baadaye

Mwezi uliopita nilitimiza miaka 24, na kwa mtu anayetaka kuwa afisa wa jeshi huo si umri wa kuchezea. Matangazo ya KDF, jeshi letu la Kenya, ya kutafuta makadeti wa utumishi wa jumla, yaani wanafunzi wa uafisa, husema miaka 18 hadi 26, basi. Ukishapita hapo unabakiwa na mlango wa wataalamu, madaktari na wahandisi na wenzao, na mimi shahada yangu ni ya biashara. Alama ninazo. Wanataka wastani wa B kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata B+. Kimo cha chini ni mita 1.60, hapo napita kwa vidole viwili hivi. Uzito wa kilo 50 kwa mwanamke haujawahi kunikosesha usingizi. Chapati za Nakuru zimefanya kazi yake. Kilichobaki ni tangazo kutoka, na mimi mwenyewe kujua ninakwenda kutafuta nini.

Hilo la mwisho ndilo limenisumbua wiki nzima, hata dukani nimekuwa nikihesabu misumari huku akili iko kwingine.

Nakaa Lanet kwa baba mdogo. Alistaafu akiwa sajini mwandamizi, sasa anafuga kuku na kuwagombeza. Ukikaa Lanet huwezi kujifanya hulijui jeshi. Chuo cha mafunzo ya maafisa kiko hapa hapa, na asubuhi nyingine upepo ukija upande wetu unasikia mchakamchaka kabla hujainjika chai. Siku ya kufuzu ndiyo tunajua zaidi: barabara zinajaa magari ya serikali, helikopta zinapita juu ya mabati yetu, Rais anakuja kama Amiri Jeshi Mkuu, na usiku tunaitazama habari hiyo kwenye runinga kana kwamba haikutokea nyuma ya nyumba. Bendi, glavu nyeupe, mwendo ule wa pole ambao mguu unaning'inia hewani kidogo kabla ya kukanyaga. Sitasema uongo, nilianzia hapo. Nilitaka kuvaa hivyo na kutembea hivyo, mama akiwa jukwaani na kitenge chake cha Mumias.

Halafu nikapitia hatua ya pili, ya mtu aliyesomea biashara: nikachora jedwali. Luteni usu mwaka fulani, luteni, kapteni, meja kabla ya miaka thelathini na tano, chuo cha maafisa kule Karen, Nairobi, luteni kanali, kanali, Chuo cha Ulinzi cha Taifa, brigedia. Kando ya brigedia niliweka nyota kwa kalamu nyekundu. Sikuona kwa nini isiwezekane. Fatuma Ahmed alijiunga 1983, wakati wanawake wakiwa bado katika kikosi chao cha pekee kilichovunjwa 1999, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kufikia umeja jenerali. Na kwetu magharibi kuna Jenerali Francis Ogolla, mtoto wa Siaya, aliyekula kiapo cha uafisa 1985 akiwa luteni usu wa jeshi la anga na kufika 2023 akiwa Mkuu wa Majeshi. Tulimzika Aprili 2024 baada ya ile helikopta kuanguka Elgeyo Marakwet. Mama alikwenda na kina mama wa kanisa kutoka Butere, akarudi akizungumzia kitu kimoja tu: kwamba jenerali mzima, mwenye nyota zake zote, amezikwa bila jeneza, na ndani ya siku tatu, kwa sababu ndivyo alivyoagiza mwenyewe. Kwetu matanga ya wiki mbili huonekana mafupi. Mama aliona kama ameonewa. Mimi niliona mtu aliyezoea kutoa amri iliyo wazi.

Baba mdogo alilisoma jedwali langu akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Batalioni ina makamanda wangapi?"

"Mmoja."

"Na maluteni?"

Nikaanza kuhesabu kombania na platuni. Akanikatiza, akasema nisijisumbue, nimeshajibu.

Na kweli nilikuwa nimejibu. Platuni ni watu thelathini hivi na luteni wao. Platuni tatu au nne zinafanya kombania, ya meja. Kombania kadhaa zinafanya batalioni, na hapo kiti ni kimoja, cha luteni kanali. Juu yake brigedi, kiti kimoja tena kwa batalioni kadhaa. Mtu hahitaji shahada ya biashara kuona kwamba wengi wanaoapishwa pamoja Lanet hawatawahi kuongoza batalioni hata moja. Si kwamba ni wabaya. Viti vimekwisha. Watakuwa maafisa wa ugavi, wa mipango, wa mawasiliano, wakufunzi, watu wa makao makuu. Kazi za lazima, ila si ukamanda. Na saa inaenda. Tangu enzi za Jenerali Daudi Tonje, aliyekuwa mkuu wa majeshi 1996 hadi 2000, kila cheo kina umri wake wa kwenda nyumbani, na hata mkuu mwenyewe ana miaka minne au umri wa 62, kinachotangulia. Baba mdogo anazipenda sana sheria hizo za Tonje. Anasema kabla yake wazee walikuwa wanakalia vyeo kama kuku anayeatamia mayai viza, na vijana wanazeeka wakisubiri. Kwangu mimi maana yake ni nyingine: usipopandishwa kwa wakati wako, umri wa cheo ulicho nacho ndio unaokutoa.

Basi nikaanza kujiuliza swali ambalo jedwali halina safu yake. Kama nitaishia meja, nitakuwa nimekipata nilichokitaka?

Jumapili moja baada ya chakula baba mdogo akaleta kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma, akachora kilima, mto, barabara ya gari na miti. Akaniambia mimi ni luteni, nina watu thelathini, jua linatua baada ya saa moja, tunalala hapa. Niwapange. Nilifurahi, kwa sababu nimesoma mambo haya. Nikaweka walinzi huku, bunduki kubwa pale zikitazama barabara, nikampa na sababu. Akatikisa kichwa vizuri tu. Kisha akauliza: "Choo?"

Sikuwa na choo kwenye kilima changu.

"Maji wanachota wapi, juu ya choo au chini yake? Nani amekagua miguu?" Akaeleza kwamba baada ya matembezi marefu afisa anayejua kazi anapita mtu mmoja mmoja, buti zimevuliwa, soksi zimevuliwa, anatazama kati ya vidole kwa tochi. Askari mwenye lengelenge lililopasuka hatasema. Ataona haya, na kesho atawachelewesha wote au ataachwa njiani. Alimtaja luteni wake mmoja, kijana mdogo kwake kwa miaka mingi, ambaye aliinama kukagua miguu ya watu wenye umri wa wajomba zake, na chakula alikula wa mwisho, sufuria ikiwa imebaki ukoko. Wa pili aliyemfuata aliwaita masajini "wewe". Baba mdogo hakusema huyo wa pili alifanya kosa gani kubwa. Alisema tu kwamba redio zilikuwa zinaharibika sana wakati wake.

Nimelifikiria hilo la redio kuliko chochote nilichosoma. Luteni wa miaka ishirini na kitu anapewa mamlaka na Jamhuri juu ya sajini ambaye ameshakuwa jeshini tangu huyo luteni yuko chekechea. Sajini atapiga saluti, sheria inamlazimu. Zaidi ya hapo kila kitu ni hiari yake, na hakuna kozi ya Karen inayokurudishia hiari ukishaipoteza.

Hapa Lanet penyewe panajua. Usiku wa tarehe 24 Januari 1964, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa, askari wa batalioni ya 11 ya Kenya Rifles waliasi kambini hapa. Tanganyika ilikuwa imetangulia tarehe 20, Jinja kule Uganda tarehe 23. Walikuwa na kilio cha mishahara, na maafisa wa juu waliowaamuru walikuwa bado Waingereza, nchi imeshakuwa yetu. Wanajeshi wa Uingereza ndio waliouzima uasi, watu wakafikishwa mahakama ya kijeshi na batalioni ikavunjwa. Ukipita leo barabara kuu huoni alama ya jambo hilo, na wenye pikipiki wa stejini ukiwauliza watakwambia labda unasema jaribio la mapinduzi la 1982. Mimi nachukulia kwamba kabla ya bunduki kuchukuliwa ghalani usiku ule, kulikuwa na miezi ambayo mtu fulani mwenye nyota begani hakuuliza, au aliuliza na hakusikiliza.

Kwa hiyo nimelikunja jedwali. Sijalichana, maana tamaa ninayo na sioni haya nayo. Lakini nikilitazama sasa naona kitu cha ajabu: ukamanda ulio karibu zaidi na watu unakuja mwanzo, ukiwa hujui kitu, na kila nyota inayoongezwa inakusogeza mbali nao. Meja anawajua maluteni wake. Kanali anajua karatasi. Yule anayejua kwamba praiveti fulani karo ya mtoto imemshinda na ndiyo maana hasikii anapoitwa, huyo ni luteni, na atakuwa luteni kwa miaka michache tu kabla hawajamhamisha. Wengi tunapanga namna ya kupanda. Ningependa kupanga nitakachofanya na watu thelathini kabla sijanyang'anywa.

Mama hataki kusikia haya yote. Kwake jeshi ni Januari 2016, El Adde kule Somalia, kambi ya askari wetu iliposhambuliwa na al-Shabaab, na majeneza yaliyopokelewa vijijini kwetu. Nikimpigia simu ananiuliza habari za dukani, za mvua, za baba mdogo na kuku wake, na nikitaja tangazo mtandao wa Butere unakuwa mbaya ghafla. Simlaumu. Nimeshindwa hata kupata jibu lake, kwa sababu mwenye amri ndiye anayewapeleka watoto wa kina mama wengine mahali kama pale, na kuuliza choo kiko wapi hakumalizi swali hilo.

Wakati huohuo kuna maandalizi. Nakimbia alfajiri mpaka karibu na Pipeline na kurudi. Nakala za vyeti zimethibitishwa na wakili, cheti cha tabia njema cha polisi nimekiomba. Kuna bwana mmoja mjini ameshanitafuta kupitia rafiki yake rafiki, eti ana mtu ndani na kwa laki kadhaa jina langu "litaonekana". Kila msimu wanajitokeza, na kila msimu watu wanauza ng'ombe na kuishia na barua bandia mkononi langoni. Nilimwambia baba mdogo, akaomba nimpe namba ya huyo bwana. Sikumpa, shinikizo lake la damu halihitaji.

Tunachogombana sasa ni Eldoret au Lanet. Yeye anataka, tangazo likitoka, niende na wale wa kuruta, nifunzwe Eldoret kama alivyofunzwa yeye, niinuke kutoka chini na kamisheni, yaani cheo cha uafisa, ije baadaye, wapo walioipata hivyo. Anasema afisa aliyewahi kufokewa na koplo hasahau choo. Mimi nasema hakuna anayeniahidi kamisheni hiyo, na kwamba mtu aliyefuzu Lanet pia anaweza kufundishika na sajini wake, kama mimi ninavyofundishika sasa hivi, mezani, juu ya kalenda iliyokwisha muda. Akasema mezani hakuna mvua. Nimejaza ya ukadeti kwenye daftari langu la majaribio, naye ameniandikia upande wa pili masharti ya kuruta kwa mkono wake, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.