Nilivyoibaini kona ya msingi isiyo mraba

Ushauri ulionikera kuliko wote tangu nianze kujenga hapa Arua ni huu: "Mama, chumba kikiwa kikubwa, ile tatu-nne-tano unaiongezea moja moja tu. Inakuwa nne, tano, sita." Tatu-nne-tano ni kipimo cha kona: pima 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, alama hadi alama ikisoma 5, kona ni mraba, yaani nyuzi 90. Aliyesema ni fundi wa miaka mingi, na kamba za msingi wangu alishazifunga kwa hesabu hiyo.

Nikamwambia, fundi, tupige hesabu kwanza. 4 mara 4 ni 16, 5 mara 5 ni 25, jumla 41. Upande mrefu kabisa husimama peke yake: 6 mara 6 ni 36. 41 na 36 hazilingani, kwa hiyo hapo hakuna pembe mraba. Tena 36 ni ndogo, maana yake kona imebana, haijafika nyuzi 90. Ingezidi 41, kona ingekuwa imepanuka.

Akajibu kwamba hesabu za shule hazijengi nyumba. Hesabu gani za shule? Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, aliithibitisha yapata mwaka 300 KK: miraba ya pande mbili fupi (kila upande mara wenyewe) ikijumlishwa ikalingana na mraba wa upande mrefu, kona ni mraba, haina mjadala.

Nikashika tepu. Ukuta wa mbele, ule wa mita 4, sikuugusa. Kwenye kona nikapima mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, kibarua akasogeza kamba taratibu mpaka kutoka alama hadi alama tepu ikasoma 5 kamili. Kisha nikaivuta kamba hiyo hadi mita 5 za ukuta wa pembeni. Kigingi cha fundi kilikuwa kimeingia ndani sentimita 62 hivi! Vibarua wote waliinama kuangalia. Kumbe kona kwa kona ilitakiwa isome karibu mita 6 na sentimita 40, yeye akaishia 6. Vigingi tuling'oa palepale. Gharama yake ni kamba mpya na chai ya vijana, basi.

Tatu-nne-tano huzidishwa, haiongezewi: 6-8-10, 9-12-15. Chumba cha futi 12 kwa 16, kona kwa kona lazima usome 20. Kiwanja chetu hiki cha 50 kwa 100 ni futi 111 na inchi 10 hivi. Anayekwambia jicho la fundi linatosha, mpe tepu.

Najivunia zaidi kipande cha pembetatu nyuma ya nyumba, mita 20, 21 na 29. Simu haikuwa na chaji, na 29 mara 29 kichwani inachosha. Lakini 29 mara 29 kasoro 21 mara 21 ni sawa na tofauti yao mara jumla yao. Nikatoa: 29 kasoro 21 ni 8. Nikajumlisha: 29 na 21 ni 50. 8 mara 50 ni 400, na 20 mara 20 ni 400. Mraba kabisa! Jiko nimelipanga pale zinapokutana pande za 20 na 21, kwani pembe mraba hukaa mkabala na upande mrefu.