Nilivyomshinda mkurugenzi kwa kikokotoo, si kwa sheria

Tangu nikabidhiwe laibrari ya sekondari yetu hapa Arua, Uganda, watu wa aina mbili wamenichosha kwa ushauri kuhusu kukopi vitabu. Kuna wale wa "Madamu, hii ni elimu, wewe kopi tu, nani atakushtaki?" Halafu kuna mwenzangu aliyekwenda semina akarudi na asilimia kumi: ukikopi asilimia kumi ya kitabu uko salama, ukizidisha kidogo umekwisha.

Hiyo asilimia kumi ni ya Wamarekani, na hata kwao haimo kwenye sheria yenyewe. Ilitoka katika mwongozo wa kukopi darasani wa mwaka 1976. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2006 haina asilimia yoyote. Fungua kifungu cha matumizi ya haki ujionee: unapima unaitumia kazi kwa ajili gani, ni kazi ya aina gani, umechukua kiasi gani, na kama unachofanya kinamharibia mwenyewe soko. Hilo la mwisho ndilo shule nyingi hujifanya hazilioni.

Shule yetu ni ya binafsi. Muhula mmoja mkurugenzi aliniita: riwaya ya Kiswahili ya Sinia Tatu (mwaka wa tatu wa sekondari) ilikuwa na nakala sita, wanafunzi karibu tisini. Mpango wake ulikuwa tupeleke nakala moja kwa vijana wa fotokopi mjini, watoe tisini, wabane kwa spairo, wazazi walipie pamoja na ada. Nikamsomea kifungu kizima, polepole, kwa sauti yangu ya darasani. Akasikiliza kwa adabu zote. "Asante sana, mwalimu. Sasa kopi zitakuwa tayari lini?"

Nikaandika barua kwa wachapishaji kuomba ruhusa. Barua ilikuwa na muhuri wa shule, Kiswahili sanifu cha kutosha kusomwa bungeni, na salamu aya nzima. Kimya. Nadhani mpaka leo wanaisoma.

Ndipo nikachukua kikokotoo. Kitabu kina kurasa kama 180. Ukikilaza wazi kwenye mashine, kurasa mbili zinaingia karatasi moja, kwa hiyo karatasi 90. Kwa shilingi 200 kila moja, 18,000. Spairo na jalada, kama 4,000. Jumla 22,000 kwa kitu kitakachoachia karatasi kabla ya mitihani. Nikampigia wakala wa vitabu Kampala, nikamtajia idadi kwanza kabla ya kuuliza bei (hapo ndipo penye ujanja, usianze na bei). Kitabu cha elfu 25 kikashuka hadi 19,000, kikapakiwa kwenye basi la usiku. Nikaiweka karatasi ya hesabu mbele ya mkurugenzi bila kutamka neno hakimiliki. Akasaini papo hapo, na kwenye mkutano wa wazazi akaeleza jinsi *yeye* alivyopata bei nzuri. Sawa tu, mzee.

Wala msidhani nimefunga mashine. Shairi moja, au kurasa chache za kuonyeshea somo, nakopi bila wasiwasi, na jina la mwandishi naliandika chini kwa mkono kama limekatika. Sheria hiyohiyo inaruhusu kugeuza kazi kuwa breli kwa elimu ya wasioona, kwa hiyo shule yenye mwanafunzi asiyeona isisingizie hakimiliki. Na kwa Sinia Wani, wa mwaka wa kwanza, wanaoanza Kiswahili kutoka sifuri, natoa hadithi za African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za watoto mtandaoni: zina leseni huria, unachapa kadiri tona inavyoruhusu, bora utaje waliozitunga. Ukitaka kuziuza, soma kwanza leseni ya hadithi husika.

Mwalimu wa Bailojia bado huniletea kitabu kizima Ijumaa jioni, akidhani nimeshachoka. Namwuliza anataka sura gani. Huwa hajaisoma.