Kona za mto: ukingo upi unaliwa na wapi pa kuotesha

Mto Ruvu ukitoka milima ya Uluguru una mteremko mkali. Ukifika nyanda za Bagamoyo, mteremko unapungua, udongo ni laini, na mto unaanza kujipinda huku na huku. Mapindo haya huitwa meanda katika jiografia, kwa jina la Mto Menderes wa Uturuki. Mto hutajwa kuwa na meanda pale urefu wake, ukifuata kona zote, unapofika mara 1.5 ya njia iliyonyooka. Kupima ni rahisi: laza uzi juu ya mto kwenye ramani, unyooshe, kisha gawanya kwa umbali wa moja kwa moja. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500.

Mwenye shamba ana swali jingine: upande upi unaliwa? Kwenye kona, maji ya juu husukumwa kuelekea ukingo wa nje, huzama hadi chini, kisha hurudi ndani yakipita sakafuni na kukokota mchanga. Ndiyo maana nje pana kina na ukingo wima, ndani pana fungu la mchanga. Wengi hudhani mchanga huo umevuka kutoka ng'ambo. Sehemu kubwa yake hutoka kwenye kingo zilizobomoka katika kona zilizo juu zaidi mtoni.

Palipo hatari zaidi si katikati ya kona. Mkondo hugonga kwa nguvu mbele kidogo ya hapo, upande yanakoelekea maji. Viroba vya mchanga vikipangwa katikati tu, mto hula mwishoni mwa viroba na kuvizunguka kwa nyuma. Anza katikati, shuka hadi kona inapoisha kabisa. Na kwa kimo cha ukingo, anza chini: mguu wake ukichimbwa, juu hata pakiwa na nyasi nzuri patamomonyoka vipande vizima, hasa maji yanaposhuka baada ya mafuriko, udongo ungali umelowa na mzito.

Majani ya vetiva hufaa sana, kwa kuwa mizizi yake huzama mita 2 hadi 3. Panda mashina sentimita 10 hadi 15 kati yake, mstari ukikatisha mteremko, mvua zikianza ili yashike kabla ya maji makubwa. Ukingo ukiwa mrefu kuliko mizizi, punguza kwanza mteremko wake. Usipande juu ya ukuta wima. Matete yaliyopo yaache.

Kukata kona ili mto unyooke ni kosa kubwa. Njia ikifupika mteremko unaongezeka, maji yanachimba sakafu kuelekea upande wa juu wa mto na kumwaga mchanga kwa jirani wa chini. Tena, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba, choo na kisima cha pampu viwekwe nje ya mita hizo, na upande wa nje wa kona viende mbali zaidi.