Siku za maua na siku za misumeno: tunavyoendesha kazi ya jamii kwenye savana ya mialoni, Victoria

Savana ya mialoni ya kusini mwa kisiwa cha Vancouver, Kanada, huchanua Aprili na Mei. Kila mtu hutaka kuja kuiona wakati huo, na ndio wakati ambao ardhi yake huumia upesi zaidi. Ninaratibu siku za jamii kwenye masalia ya savana hii, yaani matembezi ya maua na siku za kazi, na karibu kila uamuzi nitakaoueleza hapa unatokana na mgongano huo. Pasipo umati mahali hapa hapana mtetezi, na umati huohuo ukiachiwa unaweza kupakanyaga pakaisha kwa asubuhi moja.

Mti mkuu hapa ni mwaloni wa Garry, Quercus garryana, mwaloni pekee wa asili katika jimbo la British Columbia. Mji wa Victoria umekingwa na mvua na milima ya Olympic iliyo ng'ambo ya mlangobahari, upande wa Marekani, kwa hiyo kiangazi chake ni kikavu kweli, tofauti na misitu mizito ya pwani iliyo jirani. Udongo umetandazwa juu ya mwamba, mahali pengine haufiki kina cha kiganja. Chini ya mialoni na katikati yake hapana msitu bali nyasi na maua, na maua yanayotia fora ni kwetlal, ua la buluu linaloota kutoka kwenye tunguu, ambalo Wazungu huliita camas.

Kwetlal ni chakula. Watu wa Lekwungen, ambao leo ni mataifa ya Songhees na Esquimalt, walikuwa na viwanja vyake vya kifamilia. Walivipalilia, wakachimba matunguu makubwa na kuyarudisha madogo, kisha wakachoma nyasi ili vichaka visipande. Matunguu huokwa shimoni kwa mvuke kwa siku nzima au zaidi, mpaka inulini iliyomo, aina ya wanga, ivunjike na kuwa tamu. James Douglas alipofika mwaka 1842 kuitafutia Kampuni ya Hudson's Bay, kampuni ya Waingereza ya biashara ya manyoya, mahali pa kujenga ngome, alipafananisha na Edeni. Alikuwa akitazama mashamba ya watu. Moto ulipozuiwa, misonobari na vichaka vikaingia, na mji ukajengwa juu ya sehemu kubwa iliyobaki. Leo chini ya asilimia 5 ya mfumo huu nchini Kanada ndiyo iliyo karibu na hali yake ya asili. Vipande ambavyo mgeni anaweza kuvifikia kwa basi ni Beacon Hill Park, Uplands Park iliyoko Oak Bay, na kilima cha Mount Tolmie.

Kabla ya tangazo lolote kutoka, tunazungumza na pande mbili: anayesimamia ardhi na wenyeji wake. Kibali cha kukata, kupanda au kukusanya mbegu ni cha mamlaka ya bustani, na hata kung'oa gugu bila kibali hatufanyi, kwa sababu baadhi ya mimea iliyo hatarini kutoweka hapa ni midogo kiasi kwamba asiyeijua ataing'oa akidhani anasaidia. Ombi letu huwa na ramani yenye mipaka ya eneo la siku hiyo, orodha ya zana, idadi ya watu, na njia ambayo majeruhi atatolewa. Wenyeji wa Lekwungen tunawaomba miezi kadhaa kabla. Wanalipwa kwa muda na maarifa yao kama mtaalamu mwingine yeyote, na wao ndio wanaoamua kipi kisimuliwe hadharani na kipi kisisimuliwe.

Hakuna kuchimba tunguu kwa maonyesho, hata moja. Pamoja na kwetlal huota mmea mwingine wa matunguu, Toxicoscordion venenosum, wenye sumu inayoweza kuua. Ukiwa umechanua hutatizwi: maua yake ni madogo, ya rangi ya maziwa, yamesongamana kileleni mwa shina, ilhali ya kwetlal ni makubwa na ya buluu. Maua yakishakauka, matunguu ya mimea hiyo miwili hufanana mno. Wakulima wa zamani waliuondoa ule wa sumu ukiwa na maua, ndipo wakavuna kwa amani. Mgeni aliyeona mzee akichimba Mei, akarudi mwenyewe Agosti na koleo, yuko hatarini, na matembezi yetu hayapaswi kuwa ndiyo yaliyompa wazo hilo.

Tuje kwenye matembezi yenyewe. Kiongozi mmoja huchukua watu 12, wasizidi. Kikundi kikiwa kikubwa zaidi, wa nyuma hawasikii, na asiyesikia hupanda kando ya njia ili aone. Kando ya njia ndiko kwenye kuvumwani, vimelea vidogo laini vya kijani vinavyofunika mwamba, na kuvumwani iliyolowa hubanduka mwambani kama zulia, na udongo wote huondoka nayo. Kwa hiyo vituo vya kusimama tunavichagua siku chache kabla, na sharti letu ni moja: kituo kiwe mwamba mtupu au sehemu ya njia iliyokwisha kanyagwa, yenye nafasi ya watu wote 12. Ua zuri lisilo na kituo karibu tunalipita.

Uharibifu mkubwa hauletwi na watoto, bali na watu wazima wenye simu. Mtu hutoka hatua mbili ili apige picha, anayefuata hupita alipopita mwenzake, na kufikia jioni kuna kinjia kipya kati ya maua. Mabango ya kukataza hayakutusaidia sana. Kilichofaa ni kumpa kila kikundi mahali maalumu pa kupigia picha: tunachagua ukingo wa mwamba ambapo kwetlal imekaribia hadi mguuni, tunatandika turubai dogo la kuchutama au kulala kifudifudi, na kiongozi anatangaza tangu mwanzo kwamba picha nzuri kuliko zote iko kituo cha tatu. Watu husubiri. Mbwa hawaji siku hiyo, hata wa kamba. Na mlangoni tunaweka brashi ngumu mbili na ndoo: kila kiatu kisuguliwe soli kabla ya kuingia, maana mbegu za nyasi ngeni husafiri kwenye tope la viatu.

Mwishoni mwa matembezi kila mtu huulizwa jambo moja tu, kama yuko tayari kuja siku ya kukata mfagio, kichaka kigeni kinachoimeza savana. Hapo ndipo sherehe inapozaa ulinzi, na swali hilo huulizwa wakiwa bado wamesimama mbele ya maua. Barua pepe ya wiki ijayo hupata wachache sana.

Mfagio ni kichaka cha maua ya njano, Cytisus scoparius, kilicholetwa na Walter Colquhoun Grant, mlowezi wa Sooke, mwanzoni mwa miaka ya 1850 kwa mbegu alizozipata Hawaii. Waliowahi kuona mti mgeni wa mathenge ukimeza malisho ya Baringo, Kenya, hawahitaji maelezo marefu. Ganda lake likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali, mbegu hukaa ardhini zikiwa hai kwa miaka 30 na zaidi, na mizizi yake huongeza nitrojeni kwenye udongo ambao mimea ya savana imezoea kuwa maskini. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau: ukikiondoa kichaka, udongo kilichouacha umenona, na nyasi ngeni hulipuka mahali pake.

Namna ya kukiondoa inategemea unene wa shina na unyevu wa udongo. Miche myembamba kama penseli hung'olewa kwa mkono majira ya mvua, udongo ukiwa laini. Unashika chini kabisa, unavuta wima polepole, na mkono wa pili unakandamiza udongo pembeni ili usiinuke na mmea. Shina lililofikia unene wa kidole gumba halivutwi kabisa. Ukilivuta, unaufumua udongo wote, unakata matunguu ya kwetlal, na unazileta juu mbegu zilizolala. Mwaka unaofuata unakuta zulia la miche pale ulipoondoa kichaka kimoja. Hilo tunalikata. Piga goti, fukua majani makavu kwa vidole vya glavu mpaka uone shina linapoingia ardhini, na ukate kwa msumeno wa kupogolea usawa wa udongo au chini yake kidogo. Wajitoleaji wapya hukata juu kwa kuwa ni rahisi zaidi, na kisiki cha sentimita tano chenye ngozi ya kijani kitachipuka tena. Kwa hiyo kila kundi lina mtu wa visiki, ambaye kazi yake ni kupita nyuma ya wakataji na kugusa kila kisiki kwa mkono. Akiona kijani, kirudiwe.

Wakati mwafaka wa kukata ni kichaka kikiwa na maua na ardhi imeanza kukauka, kabla ya maganda kukomaa. Kimetumia akiba yake kwa kuchanua, na kiangazi kinakuja kukimalizia. Lakini wakati huo pia ndege wanaatamia, na sheria za Kanada zinalinda viota vyao. Kabla ya msumeno wa kwanza, mtu aliyezoea kutambua ndege hukizunguka kila kichaka kikubwa, husimama kimya kwa dakika kadhaa, hutazama nani anaingia na kutoka. Palipo na shaka tunafunga utepe na kupaacha mpaka vuli. Tepe zetu zina rangi mbili tu: ya chungwa ni kata, ya buluu ni usiguse. Tulipotumia rangi nyingi zaidi watu walichanganyikiwa.

Zana za watu 12 ni misumeno 6, mikasi 4 mirefu ya kukatia matawi, glavu za ngozi kwa wote na turubai mbili kubwa. Misumeno ni nusu ya watu kwa makusudi: anayekata apumzike akiburuta. Matawi hupangwa shina mbele juu ya turubai na kuburutwa kwa njia moja tu iliyowekwa alama, hata kama ni ndefu, ili tuumize ukanda mmoja badala ya uwanja mzima. Kichaka chenye maganda tayari hakiburutwi wazi. Hufungwa ndani ya turubai, maana kila mtikisiko ni kupanda. Zana huhesabiwa zinapotoka na zinaporudi. Kupe ni wengi majira hayo: soksi juu ya suruali, na kila mtu ajikague akifika nyumbani.

Vuli ni zamu ya mialoni. Mbegu huokotwa zikishaanguka zenyewe, zile za kahawia zilizojaa, na hutiwa kwenye ndoo ya maji kwa saa chache. Zinazoelea nyingi zimeliwa na fukusi au zimekauka. Zinazozama ndizo za kupanda. Kazi hii tunawapa watoto, na wanaifanya kwa makini kuliko sisi. Mbegu ya mwaloni huu haivumilii kukauka, kwa hiyo usiianike wala kuiweka kwenye bahasha kama maharage. Ipandwe vuli hiyohiyo, au ikae kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu kwa muda mfupi. Hutoa mzizi kabla ya baridi, na mzizi mkuu hukimbilia chini miezi mingi kabla ya jani la kwanza kuonekana. Chungu kifupi huukunja mzizi huo, na mti uliokunjika mzizi husimama miaka kadhaa kisha hufa kiangazi kikali. Tunatumia vyungu vya kina cha sentimita 30 au zaidi vilivyo wazi chini, vikiwa juu ya wavu, ili ncha ya mzizi ikigusa hewa ikome na kutoa matawi.

Inapopandwa moja kwa moja ardhini, mbegu hulazwa ubavu, kina cha sentimita 2 hadi 3, na hufunikwa kwa wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita moja, kingo zikiwa zimezikwa. Bila wavu, kindi huzifukua upesi. Mche ukiinuka hupewa uzio wa kumzuia kulungu, usiopungua mita moja na nusu, na hubaki nao mpaka kilele kipite mdomo wa mnyama. Maji hupewa kwa wingi na kwa nadra viangazi viwili vya mwanzo, kisha basi. Mwaloni mkubwa haumwagiliwi kabisa kiangazi: unyevu wa joto shinani hukaribisha kuvu za mizizi. Wakazi wenye mialoni uani tunawaambia hivyo kila mara, kwa sababu miti mingi ya mjini huuawa na bustani za nyasi zinazomwagiliwa chini yake.

Palipoondolewa mfagio hapaachwi tupu. Vuli hiyo tunatawanya mbegu za Plectritis congesta, ua la waridi la msimu mmoja linaloziba nafasi haraka, na za nyasi ya asili Festuca roemeri. Mbegu za kwetlal, zikiwa zimekusanywa kwa kibali na kutoka sehemu ndogo tu ya maganda yaliyopasuka, hupandwa nje zipate baridi, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua, jambo ambalo wafadhili wanapaswa kuambiwa mapema. Nyasi ngeni hufyekwa Julai, kwetlal ikishaangusha mbegu. Moto ungefanya kazi hii vizuri zaidi, na umetumika kwenye hifadhi ya mialoni iliyoko Cowichan, kaskazini mwa Victoria. Katikati ya nyumba, moshi na hatari yake vinatufunga mikono.

Eneo lililokatwa hurudiwa kila mwaka, Februari au Machi, udongo ukiwa umelowa na miche ya mfagio ikiwa bado penseli. Kundi la watu wanne linatosha, wenye viatu vyepesi, wakitembea mwambani kila inapowezekana, maana majani ya kwetlal yanakuwa yameshachomoza. Kama hatuna watu wa kurudia eneo la zamani, hatufungui jipya.