Nguruzi

Neno lenyewe lilinitoka kabla sijajua kama bado ninalo. Ilikuwa Jumamosi moja ya Agosti 2019, saa kumi na moja na robo alfajiri, mji wa Ludington, jimbo la Michigan. Nimepiga magoti ndani ya boti ya watu, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, na napiga kelele: "Nguruzi! Nguruzi iko wapi?"

Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya pikapu kama sita, kila moja na tela lake na boti yake juu, taa zote zimetumulika sisi. Katika watu wale wote hapakuwa na mmoja aliyejua nguruzi ni nini. Hata Uvira, aliyekuwa kasimama pembeni yangu viatu vimejaa maji, hakujua, na yeye ni mtu wa Kiswahili tangu tumboni mwa mama yake.

Nieleze tulifikaje pale. Wakati huo nilikuwa kiwanda cha samani, Grand Rapids, mwaka wa sita tangu niingie Marekani. Uvira alifanya kazi upande wa kupulizia rangi. Jina lake si hilo, nilimpa mimi kwa kuwa kila hadithi yake inaanzia Uvira, Kongo, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na yeye akanilipa kwa kuniita Yaya Pemba, yaya kwao ni kaka mkubwa. Fundi wetu wa mashine alikuwa mzee wa Kimarekani wa miaka sitini na tatu, tuliyemwita Kapteni kwa sababu kuanzia Mei mpaka Oktoba hakuwa na mazungumzo mengine ila boti. Siku moja wakati wa chai nikajigamba: mimi ni mtoto wa mvuvi, baba yangu wa Tumbe, kaskazini ya Pemba, na kurambaza nimekuanza kabla ya kuota meno ya ukubwa. Kapteni akauliza kurambaza ni nini. Nikamwambia ni kukokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, nguru au jodari akadhani chambo ni dagaa anayekimbia. (Vijana siku hizi wakisema wanarambaza mtandaoni, wajue neno wameliazima kwa wavuvi.) Mzee akacheka, akasema basi ni kazi ileile anayoifanya yeye, isipokuwa yeye anawakokotea samoni na trauti. Jumamosi saa nane za usiku tukawa njiani kuelekea kaskazini, boti inatufuata kwenye tela kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Kwetu chombo hakisafiri nchi kavu. Kinalala pwani pale pale kinapoishi, na ukitaka kukishusha unangoja maji yajae. Hapa chombo kinalala uani kwa mtu, maili mia kutoka majini, kimefunikwa turubai. Kapteni alirudisha tela kinyumenyume kwenye mteremko wa saruji mpaka magurudumu yakazama, boti ikaelea yenyewe, mimi nikashika kamba gatini, Uvira akabaki ndani, na mzee akaondoka na pikapu kwenda kuegesha. Dakika nne tu. Hakuna kungoja bamvua. Nikasema moyoni, hawa wenzetu wameirahisisha kazi.

Ndipo nikasikia, "Yaya, mayi!"

Nikadhani ananionyesha ziwa.

"Yaya, mayi inaingia! Iko mu viatu!"

Niliruka ndani. Huku nyuma, tezini, chini ya mashine, maji yalikuwa yamepita vifundo vya miguu. Boti ile ina pampu, lakini gizani kila swichi ni swichi tu. Nikapapasa kwenye ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, mpaka vidole vikakuta mahali maji yanaposukuma, tundu la mviringo, limechongwa vizuri, si ufa wala si ajali. Nikatia kidole gumba. Kikaenea kana kwamba tundu lilipimwa kwangu.

Nililijua tundu lile. Mashua ya baba ilikuwa nalo. Ikipandishwa pwani, nguruzi huchomolewa, maji ya ngama yakatoka, na kuitunza ilikuwa kazi yangu nikiwa na miaka minane, tisa hivi. Kipande cha mti tu, kimechongwa upande mmoja mwembamba, kimezungushiwa kitambaa. Kila alfajiri, kabla mashua haijasukumwa, baba huuliza, "I wapi nguruzi?" na mimi hujibu, "Ninayo, baba." Siku niliyoichezea nikaipoteza mchangani hakunipiga. Alilikomelea tundu kwa kitambaa kitupu, akanikalisha ngamani na upo, kata ya kutolea maji, mkononi, nikafua maji tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi baada ya adhuhuri. Nguru watatu walipatikana siku ile, sikumwona hata mmoja akipanda.

Sasa niko Ludington na Kiingereza chote kimenikimbia. Neno la Kiingereza nililijua, hata mtoto analijua, ni lile lile la kizibo cha sinki. Halikuja. Lililokuja ni la baba. Mama mmoja wa makamo alishuka kwenye pikapu ya nyuma na taa kichwani, akachungulia mkono wangu ulipoishia, akaelewa bila kuhitaji neno. Akaruka ndani, akabonyeza swichi moja, pampu ikaanza kutema maji ubavuni, kisha akapiga mluzi wa kuita mbwa. Kapteni alikuja mbio, sijawahi kumwona mzee yule akikimbia kabla wala baada ya hapo. Nguruzi yake, kidude cha shaba chenye mpira, ilikuwa kwenye pikapu, pale pa kuwekea kikombe, imelala juu ya sarafu.

Nisimlaumu sana. Zamani alikuwa akiikaza Mei na kuisahau mpaka Oktoba. Lakini mwaka ule, kuanzia Machi, Michigan ilileta sheria: ukiitoa boti majini, kabla hujashika barabara, uchomoe nguruzi na maji yote yamwagike. Wanaogopa kome wadogo waliokuja ndani ya matumbo ya meli kutoka pande za Bahari Nyeusi, ambao wameyachuja maji ya ziwa lile mpaka yakawa maangavu kupita kiasi, na chakula cha samaki wadogo kikapungua. Boti moja yenye maji machafu yatosha kuwapeleka ziwa jingine. Kwa hiyo Kapteni alitii sheria Jumapili iliyopita, akasahau Jumamosi hii. Njia nzima ya kutoka bandarini hakusema kitu. Tulipoupita mnara mweupe wa taa ulio mwisho wa gati la mawe, ndipo akageuka. "Lile neno ulilokuwa ukipiga kelele, ulikuwa unanitukana?"

Nikamweleza. Akajaribu kulitamka, likamshinda pale kwenye "ngu".

Nje ziwa lilikuwa limetulia, na ng'ambo haionekani. Ng'ambo ni Wisconsin, kiasi cha maili sitini, na macho yanakwambia ni bahari. Pua ndiyo inayokataa. Hakuna harufu ya chumvi, hakuna mwani, hakuna kile kijiuvundo cha pwani kinachomwambia mtu yuko kwao. Nilichota kwa kiganja nikaonja, nikajisikia mjinga, kwa sababu nilijua fika ni maji ya kunywa. Uvira yeye alikuwa nyumbani. Akamuuliza Kapteni kina chake, akaambiwa penye kina kirefu kabisa ni kama meta 280. Akatabasamu kwa huruma. "Ya kwetu ni elfu moja mia ine na zaidi," akanambia mimi, kama vile ziwa lile kalichimba babu yake.

Kurambaza kwa Kapteni kulikuwa na vyombo vingi kuliko duka la fundi redio. Mashine kubwa ilizimwa, ikawashwa ndogo, tukaenda maili mbili na kidogo kwa saa, mwendo wa watu wanaorudi kutoka mazikoni. Kila ubavu una winchi yenye waya wa chuma, na mwisho wa waya tufe la risasi la ratili 12. Baba angeliita chubwi, akashangaa ukubwa. Mshipi wa fimbo unabanwa kwenye kibanio kilicho juu ya tufe, tufe linashushwa futi 70, na nyuma yake kinafuata kibao kinachomeremeta na kuzunguka, halafu kamba fupi, halafu ndoana iliyofunikwa nyuzi za kijani. Samaki akigonga, mshipi unachomoka kwenye kibanio na fimbo iliyopinda kama upinde inafyatuka wima. Kwenye kioo cha mashine ya kutafutia samaki unaona ardhi ya ziwa, unaona samaki kama kope za macho, unaona hata tufe lako linavyoning'inia. Mimi kwa kweli kioo kile kilinikera. Ukijua samaki yuko pale na hataki kula, unamchukia bure.

Kina cha kushusha hakichaguliwi kwa kubahatisha. Wakati wa kiangazi maji ya juu ni ya moto, ya chini ni barafu, na samoni hupenda tabaka la katikati, nyuzi kumi mpaka kumi na tatu hivi. Trauti wa ziwa hukaa chini zaidi, karibu na ardhi.

Yeye ndiye aliyeanza, kwenye fimbo ya Uvira. Alipanda bila fujo, kama ndoo inayovutwa kisimani, wa ratili saba, mwili wa kijivu umenyunyiziwa madoa meupe. Kapteni alimgeuza atuonyeshe vitu viwili. Pezi dogo la nyama kati ya mgongo na mkia halikuwapo, maana yake alilelewa kwenye madimbwi ya serikali, wakamkata alama kabla ya kumwachia. Na ubavuni, nyuma ya pezi la kifua, palikuwa na kovu la mviringo, sawasawa na shilingi, ngozi imekunjamana katikati. Hapo aliwahi kunyonywa na mnyonyadamu, kidude kama mkunga kisicho na taya, mdomo wake duara lenye meno. Viumbe hao waliingia kutoka baharini wakachangia kuwamaliza trauti wenyeji wa ziwa lote. Nililigusa lile kovu kwa gumba langu la asubuhi. Lilikuwa gumu na laini kwa pamoja.

Samoni si wenyeji hata kidogo. Mwaka 1967, Kapteni akiwa mtoto wa miaka kumi na moja, fukwe zilijaa dagaa wageni wa kutoka Atlantiki waliokufa kwa mamilioni, wakizolewa kwa matrekta, uvundo ukafika majumbani. Mwaka mmoja kabla yake jimbo lilikuwa limeanza kuachia vifaranga wa samoni, mbegu imetoka pwani ya Pasifiki, waje kuwala dagaa hao. Nikamwambia na sisi tuna ziwa lililopandiwa samaki na Waingereza, Victoria, sangara akala mpaka wenyeji. Akanitazama. "Wetu hawakuwa na wenyeji wa kula, walishakwisha," akasema, akarudi kwenye kioo chake.

Mara fimbo ya kulia ikafyatuka na kigurudumu kikapiga yowe. "Ya kwako, Pemba!"

Sasa hapa ndipo majigambo yangu ya chai yalipoumbuka. Samaki alikimbia, mshipi unatoka kama moto, na mkono wangu wa kushoto, bila kuniuliza, ukaudaka. Ndivyo mkono ule ulivyofunzwa. Kwa mshipi wa mkono samaki unamsikia, akipumua unajua, akichoka unajua, fimbo ni kama kuzungumza na mtu kupitia mkalimani. Lakini uzi wa kufuma wa kule si mshipi wa Tumbe. Ulinipasua kidole cha shahada mpaka damu ikadondoka kwenye maji yaleyale tuliyokuwa tukiyatoa alfajiri. "Mwache aende!" Kapteni alipiga kelele. "Mikono yote kwenye fimbo! Mwache aende!" Uvira akacheka mpaka akakaa.

Dakika ishirini. Mara tatu alifika karibu na boti, akaona wavu, akarudi chini. Alipoingia alikuwa wa ratili 17, mgongo umeanza kugeuka rangi ya shaba kwa kuwa msimu wa kupanda mtoni ulikuwa unakaribia, na ufizi wake mweusi, kama aliyelambishwa wino. Ufizi ule ndio unaomtofautisha samoni wa aina yake, chinook, na samoni wengine. Nilimtazama akiwa kwenye deli la barafu zaidi ya nilivyohitaji.

Tulirejea saa tatu, tukipishana na Badger, meli kongwe ya makaa ya mawe inayovusha magari kwenda Manitowoc, moshi wake mweusi umelala juu ya maji. Kichwa cha samoni alikichukua Uvira, akisema Wamarekani hawajui wanachokitupa. Na boti ilipokuwa juu ya tela, kwenye uwanja wa kuegesha, Kapteni akachomoa nguruzi, maji yakachirizika lamini, akanitilia mkononi. "Kaa nayo wewe."

Nikaitia mfukoni, ndipo nguruzi zinapokaa.

Jumapili alasiri mashine ya kufulia ikawa inagonga, ko, ko, ko. Mke wangu ni mtu wa Dodoma, bahari kaijua ukubwani. Akaisimamisha, akapekua suruali, akaja nacho sebuleni kimeng'aa kwa sabuni.

"Hiki nini tena, Baba Salma?"

"Nguruzi."

"Ya nini?"

Sijajibu, simu ikalia. Alikuwa Kapteni, yuko Muskegon, kasharudisha tela mpaka ukingoni mwa maji, na nyuma yake nasikia honi za watu. Safari hii alilikaza neno vizuri, kwa shida, kama mtu mwenye tende mdomoni. Nguruzi, akauliza, iko wapi?

"Ninayo," nikamwambia.