Moyo wa Farao na punda wa Balaamu

Nimekuwa nikisoma tena kitabu cha Kutoka, na swali lililonisumbua tangu ujana limenirudia: ikiwa Mungu mwenyewe aliufanya mgumu moyo wa Farao, alimwadhibu kwa haki gani? Safari hii nimelifuata kwa walimu wa Kiyahudi, nikafarijika kuona kwamba hawakulikwepa.

Musa bin Maimun, aliyefariki mwaka 1204, anafundisha kwamba Farao alianza dhuluma kwa hiari yake, na adhabu yake ikawa kufungiwa mlango wa toba. Kweli, katika mapigo yenyewe, ni kwenye lile la sita, la majipu, ndipo tunaposoma kwa mara ya kwanza kwamba Bwana aliufanya mgumu moyo wake. Kabla ya hapo Farao aliufanya mzito mwenyewe. Obadia Sforno wa Italia alikwenda njia nyingine: Farao alitiwa nguvu za kustahimili, ili asikubali kwa sababu ya maumivu tu. Jibu hili limenigusa zaidi, maana linailinda hiari ya mtu hata akiwa adui.

Kuhusu miujiza hawakukubaliana. Bin Maimun aliona kwamba maneno ya punda wa Balaamu, yule anayesema katika kitabu cha Hesabu, yalisikika katika maono ya kinabii, ilhali Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, inakitaja kinywa cha punda huyo miongoni mwa vitu vilivyoumbwa jioni ya kuamkia Sabato ya kwanza. Nami ninaziheshimu pande zote mbili, kwa kuwa hakuna upande ulioidharau aya.